Nani Ana Idhini ya Kusema "Tokeni"?

Hotuba kwa wanakamati wa usalama na afya kazini, Mombasa

Mheshimiwa mwenyekiti, wanakamati wenzangu kutoka viwandani, hotelini, hospitalini na bandarini, mabibi na mabwana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga taratibu za dharura kazini na kuzijaribu. Sheria sitawasomea, wengi wenu mmeibandika ukutani na wakaguzi wameshaiona. Nitakumbusha kipande kimoja tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mwenye mahali pa kazi aandae utaratibu wa kuwatoa watu wakati wa dharura, na utaratibu huo ujaribiwe mara kwa mara. Kanuni za kupunguza hatari za moto za mwaka huohuo zikaweka kiwango cha chini kabisa: zoezi la moto mara moja kila miezi 12.

Kuandaa tunakuweza. Tunamwita mshauri, anatuandikia jalada nene, tunapiga muhuri, tunalifungia kabatini. Kujaribu ndiko tunakokufanya kama harusi. Tarehe inajulikana wiki mbili kabla, mpiga picha ameitwa, chai na mahamri vinangoja uwanjani. Saa nne kamili king'ora kinalia, watu wanatoka wakicheka, mikoba na miavuli mkononi kwa sababu walijua tangu jana. Meneja anaangalia saa yake, anapiga makofi, na ripoti inaandikwa kwamba zoezi lilifana.

Mimi ripoti ya namna hiyo hunitia wasiwasi. Zoezi ambalo halikufichua hata kasoro moja limewapotezea saa ya kazi bure.

Tunajaribu kengele, tunapima mitungi ya kuzimia moto, tunaangalia taa za ngazini. Vizuri, tuendelee. Lakini kuna kitu kimoja ambacho karibu hakuna anayekijaribu, na ndicho kinachoua watu hata kwenye majengo yenye vifaa kamili. Nacho ni idhini. Pale kazini kwenu, ni nani anayeweza kusema "tokeni", na watu wakatoka, bila yeye kumpigia mtu simu kwanza?

Niruhusuni nianzie mbali. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini karibu na Uskoti, jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha lililipuka. Mlikuwamo watu 226. Utaratibu ulisema kukitokea dharura wakusanyike kwenye jengo la malazi, wangoje helikopta. Wakakusanyika. Helikopta hazikuweza kutua kwa moto na moshi, na amri nyingine ya kueleweka haikuja. Waliokufa ni watu 167, wawili kati yao wakiwa waokoaji waliokuja kusaidia. Wengi waliuawa na moshi, wakiwa bado mle ndani wanangoja. Waliosalimika ni 61, na wengi wao waliamua wenyewe kuteremka kwa kamba au kuruka baharini, kinyume na walivyofundishwa.

Watu wale hawakuwa wakaidi wala wajinga. Walifuata utaratibu. Ila utaratibu uliandikwa kwa ajili ya siku ambayo helikopta inaweza kutua, na hakuna aliyewahi kuuliza, siku isipoweza je? Tume ya jaji Lord Cullen ilipochunguza ilikuta mazoezi ya kuondoka jukwaani hayakuwa yakifanywa kila wiki kama kanuni ilivyotaka. Ikakuta pia jambo ambalo kila nikilisoma hunisimamisha: majukwaa mawili jirani, yaliyounganishwa na Piper Alpha kwa mabomba, yaliendelea kusukuma mafuta na gesi huku moto wa jirani yao ukionekana. Wakuu wa majukwaa hayo walichelewa kufunga. Kufunga mtambo wa mafuta ni hasara kubwa, na mtu hujiuliza, nikifunga halafu ikawa si kitu, nitajieleza vipi?

Swali hilo halihitaji mtambo wa mafuta. Supavaiza wa kiwanda cha nguo hapa Changamwe hulijua vizuri. Tarehe 24 Novemba 2012, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, moto ulianza ghorofa ya chini ya kiwanda cha nguo cha Tazreen, kwenye marundo ya vitambaa na nyuzi. King'ora kililia. Walionusurika wameeleza kwamba wasimamizi wa ghorofa za juu waliwaambia warudi kwenye mashine, si kitu. Walikufa zaidi ya watu 110. Kumbukeni, king'ora kilifanya kazi yake. Mkaguzi angelikijaribu siku moja kabla, angelitia alama ya sawa na kwenda zake.

Sasa wekeni mambo hayo mawili kando ya la tatu. Kule New York, kampuni ya fedha ya Morgan Stanley ilikuwa na wafanyakazi karibu 2,700 katika mnara wa kusini, mmoja wa minara miwili ya World Trade Center. Mkuu wao wa usalama alikuwa Rick Rescorla, Mwingereza wa Cornwall aliyepigana Vietnam katika jeshi la Marekani. Jengo lile liliwahi kushambuliwa kwa bomu mwaka 1993, kwenye gereji ya chini, naye akaamini washambuliaji watarudi tena. Tangu hapo aliwatoa wafanyakazi wote kwa ngazi kila baada ya miezi michache, wawiliwawili, wakubwa kwa wadogo, akiwapima kwa saa mkononi. Mabosi walinung'unika, kila dakika ya madalali wale ilikuwa pesa. Hakuacha.

Septemba 11, 2001, saa 2:46 asubuhi kwa saa za kule, ndege ya kwanza iligonga mnara wa kaskazini. Katika mnara wa kusini ukatoka ujumbe kwenye vipaza sauti kwamba jengo lao ni salama, watu wanaweza kurudi ofisini. Rescorla akachukua kipaza sauti chake na kuamuru watu wake watoke. Hakuomba ruhusa kwa mwenye jengo. Saa 3:03 ndege ya pili iligonga mnara wao, na saa 3:59 mnara ukaanguka. Karibu wafanyakazi wote wa kampuni ile walitoka hai. Yeye alikuwa amerudi juu kuangalia waliobaki, na mwili wake haukupatikana.

Watu husimulia habari hii kama habari ya shujaa mmoja, na kweli alikuwa shujaa. Lakini mtu mmoja hawezi kuwatoa watu 2,700 kwa kupiga kelele. Walitoka kwa sababu waliijua sauti ile, walizijua ngazi zile, na walikuwa wameshazoea kwamba sauti ile ikisema twende, kazi inasimama, hata kama uko kwenye simu na mteja wa mamilioni. Miaka minane ya mazoezi ilikuwa imeijenga idhini hiyo.

Na sisi tuna yetu. Tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi, karibu saa nne na nusu asubuhi. Kabla ya bomu kubwa lililolenga ubalozi wa Marekani kulisikika kwanza risasi na mlipuko mdogo. Watu waliokuwa kwenye ofisi za jirani walifanya ambalo mimi nawe tungelifanya: walikwenda dirishani kuangalia. Bomu lilipolipuka, vioo viliwarukia usoni. Walikufa watu 213 Nairobi, na 11 Dar es Salaam asubuhi hiyohiyo, na katika maelfu waliojeruhiwa wamo wengi waliopoteza macho. Siwalaumu hata kidogo. Nani alikuwa amewafundisha? Lakini leo, baada ya yote hayo, ni mahali pangapi pa kazi ambapo wafanyakazi wameambiwa kwamba ukisikia mlipuko, ondoka dirishani, lala chini, mbali na vioo? Tunafundisha moto peke yake, kana kwamba dharura zote ni moto na jibu la zote ni kukimbilia nje.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana wengi wenu mna vyumba vya baridi vya samaki na viwanda vya barafu, na mitambo hiyo mingi hutumia amonia, gesi ya kupozea. Amonia ikivuja, kukimbilia uwanjani kunaweza kuwa ndiko kukimbilia kifo. Inachoma macho na mapafu, na inakwenda na upepo. Lazima utoke kwa kukata upepo kwa ubavu, kisha uende unakotoka upepo. Sasa angalieni kile kibao cha kijani cha mahali pa kukusanyika. Nani alikichagulia sehemu ile, na mwezi gani? Mshauri akija Januari, kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki. Atakuta kona ya kusini-magharibi ya uwanja inapata upepo wenye gesi na moshi wote, basi kibao atakipeleka upande wa pili. Ikifika Juni, kusi imeshika, upepo unatoka kusini, na kibao kilekile sasa kimesimama katikati ya njia ya gesi. Mvuvi wa Likoni angeliwaambia hayo bure. Wekeni vibao viwili, na kitambaa cha kuonyesha upepo juu ya paa mahali kinapoonekana kutoka kila mlango, na mfanye zoezi moja wakati wa kaskazi na moja wakati wa kusi. Mkishafanya hivyo, mtajua kama watu wenu wanaangalia juu kabla ya kukimbia au wanafuata mgongo wa aliye mbele.

Hospitali nao wana lao. Mgonjwa aliye kwenye mashine humtoi kwa ngazi kwenda kumlaza juani. Unamsogeza kwanza ghorofa ileile, nyuma ya mlango unaozuia moto, na mlango huo uwe haujawekewa kabari ya mbao ili toroli zipite. Hoteli wana wageni waliolala, wasiojua Kiswahili, wengine wamekunywa. Kila mmoja apange kwa hali yake. Jalada la kunakili kwa jirani halimfai mtu.

Turudi kwenye kujaribu. Anzeni mezani, maana meza haigharimu kitu. Waiteni watu wanane, lakini msiwachague mameneja peke yao. Awepo soja wa getini, fundi wa umeme, mama wa usafi, mkuu wa zamu ya usiku, kibarua mmoja. Wapeni karatasi iliyoandikwa hivi: "Ni saa nane usiku. Umeme umekatika. Moshi unatoka stoo ya katoni. Meneja yuko Nairobi na simu yake haishiki." Kisha muulize swali moja tu: nani anapiga king'ora? Halafu nyamazeni, mngoje. Mara nyingi nimeona watu wote wakigeuza macho kumtazama mkubwa aliyeko mezani. Muulizeni soja moja kwa moja. Atawaambia, "Mimi siruhusiwi, nampigia supavaiza." Na supavaiza naye anampigia meneja. Hapo mmeshajua, bila ya kutoa mtu hata mmoja nje, kwamba katika kiwanda chenu moto unapewa muda wa kukua wakati simu inalia Nairobi.

Mkishamaliza mezani, jaribuni vipande. Pigeni 999 na 112 kutoka kwenye simu iliyoko getini, kwa kukubaliana nao mapema, muone kama soja anaweza kueleza njia ya kufika kwenu kwa mtu asiyewajua. "Karibu na stegi ya zamani" si maelezo ya kumpa dereva wa gari la zimamoto. Waalikeni zimamoto wenyewe waje na gari: je, linapita chini ya boriti ya lango? Mipira yao inaingia kwenye mabomba yenu ya maji? Maji yamo? Mambo hayo huonekana kwa dakika tano siku ya amani.

Kisha ndiyo zoezi kamili. Viwanja vya ndege, pamoja na wetu hapa Moi, hufuata kanuni za kimataifa zinazotaka kwa kawaida zoezi kamili lisipishane zaidi ya miaka miwili, na katikati ya hapo mazoezi madogo ya kuziba mapengo yaliyoonekana. Kwa kiwanda mara moja kwa mwaka ndiyo sakafu, si dari.

Zoezi kamili lifanywe siku msiyoipenda. Fanyeni usiku. Fanyeni Ijumaa saa saba, wakati viongozi wenu wawili wa ghorofa wako msikitini, muone nani anavaa fulana yao. Muwaarifu zimamoto na majirani kimya kimya, na mafundi wa mashine zisizoweza kuachwa zikienda wajue, maana hatutaki kumkata mtu kidole kwa ajili ya mafunzo. Wengine wote wasijue. Na tafadhalini, msitangaze "hili ni zoezi" mpaka watu wote wamefika uwanjani. Siku mtu akizoea kwamba king'ora huenda ni zoezi tu, atamaliza kwanza kushona mkono wa shati.

Katikati ya zoezi, haribuni kitu kwa makusudi. Wekeni mtu kwenye ngazi kuu ameshika bango, "Hapa moto, hapapitiki." Mgonge bega mkuu wa zoezi, mwambie, "Wewe umepoteza fahamu, kaa chini," halafu muone amri inashikwa na nani. Kuna kiwanda kimoja, sitakitaja, tuliweka bango kama hilo mlango mkubwa. Watu wakageuka vizuri sana kuelekea mlango wa dharura wa nyuma, wakaukuta umefungwa kwa kufuli. Ufunguo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ofisini kwa msimamizi wa stoo, ofisi nayo imefungwa, na mwenyewe amekwenda kula. Walisema mlango unafungwa kwa sababu ya wizi. Nakubali, wizi upo. Lakini mnajua watu wangapi wamekufa duniani nyuma ya mlango uliofungwa kwa sababu ya wizi? Kiwanda cha Triangle, New York, Machi 25, 1911: watu 146, wengi wao wasichana washonaji, na mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa. Dawa yake ni komeo la kusukuma kwa ndani lenye kengele. Mwizi akisukuma kengele italia, na anayekimbia moto atapita.

Kwenye kiwanda kilekile tulimwomba kijana mmoja akae stoo asitoke, awe ndiye aliyezimia. Uwanjani hesabu ikasomwa kutoka kwenye orodha ya mishahara, na mkuu wa zoezi akatangaza kwa sauti kwamba wote wapo. Kijana alikuwa kibarua. Orodha ya mishahara haimjui. Haimjui pia dereva wa lori aliyekuja kupakia, fundi wa jenereta kutoka nje, wala mama aletaye chai saa nne. Orodha inayofaa iko getini, kwenye daftari la soja, ikiwa analijaza mtu anapotoka kama anavyolijaza anapoingia. Basi soja akitoka, daftari litoke naye. Na zaidi ya orodha, kila kiongozi wa ghorofa apite vyooni na stoo kabla ya kushuka, aseme kwa mdomo wake, "Ghorofa ya pili, nimeiangalia, tupu," au "sikufika nyuma, moshi." Zimamoto wanapofika hilo ndilo swali lao la kwanza, na jibu la "nadhani wametoka" linaweza kumpeleka kijana wa watu ndani ya moto bure.

Baada ya zoezi msikimbilie mahamri. Watu wakiwa bado wamesimama juani waulizeni, ni nini kilikukwaza? Yule wa mwisho kutoka aanze. Mama wa usafi atawaambia kengele haisikiki chooni mashine zikinguruma. Kiziwi wa idara ya kufungasha atawaonyesha kwa mikono kwamba alijua baada ya kuona watu wameondoka. Andikeni kila kasoro, na kando yake jina la mtu na tarehe. Kasoro isiyo na jina itasomwa tena mwakani. Halafu, ndani ya mwezi, jaribuni kasoro hiyo peke yake. Hakuna haja ya kusimamisha kiwanda kizima kuangalia kama komeo jipya linafunguka.

Najua mabosi wataniuliza juu ya gharama. Na wataniuliza zaidi juu ya idhini: tukimpa kila kibarua uwezo wa kusimamisha kazi, si watapiga king'ora kila Jumatatu? Nawajibu kwamba sheria imeshatangulia kwa sehemu. Sheria ileile ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa anayoiona, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo wakati hatari ingalipo, wala kulipiza kisasi. Kinachokosekana ni mfanyakazi kuamini kwamba bosi wake anaijua sheria hiyo na amekubaliana nayo. Imani hiyo haipatikani kwa bango. Hupatikana siku ya kwanza mtu atakapopiga king'ora kwa kudhania mvuke wa mashine ni moshi, kazi ikasimama dakika ishirini, na meneja akamshukuru mbele ya wenzake. Akimgombeza siku hiyo, hata kwa utani, atakuwa amelifunga lile komeo kwa mikono yake.

Ndiyo maana nimeleta barua. Ni ya ukurasa mmoja, na maneno yake ni haya: "Kila mtu aliyemo katika eneo hili la kazi, awe wa kudumu, kibarua, mlinzi au mgeni, ana idhini ya kupiga king'ora na kuwaambia watu watoke akiona hatari, bila ya kuomba ruhusa kwa yeyote. Akiwa amekosea kwa nia njema hataadhibiwa, hatakatwa ujira, wala hatasemwa." Chini kuna nafasi ya sahihi ya mkurugenzi, na nafasi ya sahihi ya mwakilishi wa wafanyakazi. Nakala ziko mezani karibu na mlango, chukueni ya kutosha. Zile za rangi ya waridi ni za Kiingereza, kwa wakurugenzi wanaozipenda hivyo.

Sasa tuna kama nusu saa ya maswali. Nimemwona mama wa hospitali ameinua mkono tangu niliposema habari ya kabari za milango. Karibu, mama.